Atomu moja, kazi mbili: jinsi chembe ya AGuIX ilivyoundwa

AGuIX ni chembe ndogo mno ya gadolini na silikoni iliyobuniwa mjini Lyon, Ufaransa, na kundi la Olivier Tillement wa Chuo Kikuu cha Claude Bernard. Hudungwa mshipani kwa kazi mbili: kuuonyesha uvimbe wa saratani kwenye picha ya MRI, kisha kuufanya uvimbe huohuo udhurike zaidi na mionzi ya tiba. Chembe nyingi za aina hii zinazosifiwa majaridani huishia kwa panya wa maabara. Hii ilifika kwa wagonjwa mwaka 2016, na kilichoisaidia zaidi ni kwamba walioiunda waliyapunguza mambo badala ya kuyarundika.

Mtindo uliozoeleka katika fani hii ni kuchukua kiini cha madini, kukivika ganda, kukitundikia rangi ya kupigia picha, kukipakia dawa, na hatimaye kukibandikia kingamwili za kukielekeza kwenye uvimbe. Kila nyongeza huongeza ukubwa. Chembe inayozidi nanomita 6 hivi haipenyi kwenye vichujio vya figo. Hunaswa na ini na wengu, na huko inaweza kukaa wiki nyingi. Hakuna mamlaka ya dawa inayopenda kusikia kwamba metali nzito imebaki inini mwa mgonjwa. AGuIX ina nanomita zisizozidi 5, kwa hiyo hutoka kwa mkojo. Kwa wagonjwa wa kwanza, nusu ya kiasi kilichokuwa kwenye damu ilikuwa imeondoka baada ya saa 1.3 kwa wastani.

Udogo huo ulipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Kwanza kilitengenezwa kiini cha oksidi ya gadolini, kikavikwa ganda jembamba la polisiloksani, yaani mtandao wa silikoni na oksijeni. Juu ya ganda zikapachikwa molekuli za DOTAGA, ambazo zina pete yenye uwezo wa kukamata ioni ya metali na kutoiachia. Chembe zilipohamishiwa majini, kiini kiliyeyuka. Ioni za gadolini zilizotoka ndani zilinaswa na zile pete za nje, na ganda lililobaki tupu likavunjika vipande vidogo vigumu, kila kimoja kikiwa na gadolini yake imeshikwa imara. Vipande hivyo ndivyo AGuIX. Ni nadra katika kemia kubomoka kwa kitu kuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Kundi la Lyon lilieleza njia hiyo mwaka 2013.

Pete ya DOTAGA si pambo. Ioni ya gadolini ikiwa huru ni sumu: ukubwa wake unakaribiana na wa kalsiamu, hivyo huingilia mahali ambapo mwili unaitegemea kalsiamu. Baadhi ya wagonjwa wa figo waliowahi kupewa dawa za MRI zenye molekuli za mnyoosho, ambazo hulegea kwa urahisi, walipata ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo vya ndani. Molekuli za pete hushika kwa nguvu zaidi.

Kwenye MRI, elektroni 7 za gadolini zisizo na wenza huharakisha protoni za maji yaliyo jirani kurudi katika utulivu wake, na eneo hilo likang'aa. Kwa kuwa hapa gadolini imefungwa kwenye kipande kigumu kinachozunguka polepole, kila ioni hufanya kazi karibu mara mbili ya ile iliyo katika dawa ya kawaida ya kung'arisha picha.

Upande wa tiba ndio wenye utata. Gadolini ina protoni 64, hivyo hunasa mionzi zaidi kuliko kaboni na oksijeni za mwilini, na inapopigwa hurusha elektroni za masafa mafupi sana zinazoharibu seli ilipo. Maelezo hayo yanakaa sawa kwa eksirei za nishati ndogo. Lakini mashine za hospitali hutoa mionzi ya nishati ya mamilioni ya elektronivolti, ambayo haibagui sana kati ya metali nzito na nyama. Kiasi cha gadolini kinachofika kwenye uvimbe nacho ni kidogo. Hesabu ya dozi ya jumla peke yake haitoshi kueleza matokeo yaliyoonekana kwa wanyama. Lazima kuangalia kinachotokea ndani ya nanomita chache kuzunguka chembe, pamoja na kemia ya seli yenyewe.

Jaribio la kwanza kwa binadamu, NANO-RAD, lilifanyika Grenoble chini ya Camille Verry. Wagonjwa 15 wenye saratani iliyosambaa ubongoni walipewa dozi ya kuanzia miligramu 15 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, kisha ubongo mzima ukapigwa mionzi ya Gy 30 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mafungu 10. Dozi ya juu kabisa haikuleta madhara ya kuwalazimisha madaktari kusimama. Katika picha, uvimbe uling'aa iwe saratani ilianzia mapafuni, kwenye titi, kwenye utumbo mpana au ilikuwa melanoma, ilhali ubongo wenye afya haukung'aa. Kwa waliopata dozi kubwa, alama ilionekana hata wiki moja baadaye.

Picha hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya jaribio. AGuIX haina kingamwili ya kuielekeza. Hupita mahali ambapo mishipa ya uvimbe inavuja na kizuizi cha damu na ubongo kimebomoka. Mionzi nayo ilipiga ubongo wote. Tofauti kati ya uvimbe na sehemu zenye afya ilitegemea tu chembe zilikokwenda, na hilo MRI ililionyesha kwa kila mgonjwa, hata kukadiria kiasi kilichoingia. Udhaifu wa njia hii unatoka hapohapo: kivimbe kidogo ambacho mishipa yake haijaanza kuvuja hakitapata kitu.

Uvimbe ulipungua au ulisimama kukua kwa wagonjwa 13 kati ya 14 waliopimwa. Takwimu hiyo isisomwe kwa pupa, maana mionzi peke yake nayo hupunguza uvimbe, na jaribio halikuwa na kundi la kulinganishia. Kwa sababu hiyo awamu ya pili ilipangwa kwa wagonjwa kugawanywa kwa bahati nasibu, wengine mionzi pamoja na AGuIX, wengine mionzi tu.