Nani Alimuua Beth?

Tulipofika kwenye Little Women ya Louisa May Alcott katika semina yetu ya riwaya, wengi tulicheka. Ni riwaya ya Marekani ya mwaka 1868, yenye mabinti wanne wa familia ya March. Mmoja wao, Beth, ni mwema mno hata unamshuku. Mwenzangu mmoja akasema Beth ni mhusika bapa, kaumbwa ili afe, msomaji alie, basi. Darasa zima likakubali. Nami nilikubali, tena nikaandika hivyo hivyo kwenye mtihani na kupata alama nzuri tu. Leo naomba kuifuta kauli yangu hadharani.

Ninavyoona mimi sasa, Beth hakuuawa na wema wake, wala na mwandishi mpenda machozi. Aliuawa na ugonjwa ambao Alcott aliujua nje ndani, pamoja na uzembe wa watu waliompenda. Ugonjwa wenyewe ni homa ya vipele vyekundu. Tukiusoma vizuri ugonjwa huu, maudhui ya riwaya yanageuka mbele ya macho yetu.

Hebu tuanze na ugonjwa. Homa hii huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi, yule yule anayeleta maumivu makali ya koo kwa watoto. Sumu yake hutoa vipele mwilini, ngozi ikawa inakwaruza kama msasa, na ulimi ukawa mwekundu wenye vinundu. Katika karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, homa hii ilikuwa tishio la kila nyumba yenye watoto. Mwaka 1856, katika mji wa Carlisle nchini Uingereza, kasisi Archibald Tait, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alizika mabinti watano katika muda wa wiki tano hivi. Watano, jamani! Kwa hiyo msomaji wa 1868 alipolikuta jina la homa hii kwenye ukurasa, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Moyo ulimwenda mbio.

Sasa tutazame tukio lenyewe. Baba yuko hospitali mjini Washington wakati wa vita, na mama amekwenda kumuuguza. Nyumbani wamebaki mabinti na mtumishi wao Hannah. Kabla ya kuondoka, mama aliagiza wasiisahau familia ya Hummel, wahamiaji maskini kutoka Ujerumani. Beth anawaomba dada zake waende, kwa kuwa kichanga cha akina Hummel kinaumwa. Meg amechoka. Jo ana mafua, halafu anataka kumaliza hadithi anayoiandika. Basi Beth anakwenda mwenyewe, na kichanga kinakata roho mapajani mwake.

Hapa ndipo penye kisu. Meg na Jo walikwisha ugua homa hii utotoni. Kwa kawaida, aliyekwisha ugua alikuwa na kinga, hivyo wao ndio wangeweza kwenda bila hofu kubwa. Aliyekwenda ni yule ambaye hakuwahi kuugua. Waliokuwa na kinga walibaki nyumbani, asiye na kinga akatumwa. Na mmoja wa waliobaki, ndugu msomaji, alibaki kwa sababu alikuwa anaandika. Jo mwenyewe analitambua hilo na kujilaumu vikali. Sisi tuliomsifu Jo katika semina kama mwanamke mkombozi, msanii asiyekubali kufungwa jikoni, tuliuruka ukurasa huo. Alcott hakuuruka. Yeye ndiye Jo, na mdogo wake Elizabeth aliipata homa hiyo mwaka 1856 baada ya mama yao kusaidia familia maskini. Elizabeth alifariki mwaka 1858.

Angalia hiyo miaka: 1856 na 1858. Katika riwaya pia, Beth hafi kwa homa. Anapona, nyumba inashangilia, kisha anadhoofika polepole hadi anafariki katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1869. Katika semina tuliuita huu udhaifu wa muundo, eti mwandishi amemuua mhusika mara mbili. Kumbe ndivyo ugonjwa unavyoweza kwenda. Baada ya koo kupona, kinga ya mwili iliyochochewa na bakteria huweza kuyageukia maungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo kimyakimya kwa miaka. Alcott hakuijua sayansi hiyo. Aliandika alichokiona kitandani kwa mdogo wake, na macho yake yalikuwa sahihi kuliko uhakiki wetu.

Si kila mwandishi alikuwa hivyo. Laura Ingalls Wilder, katika By the Shores of Silver Lake ya mwaka 1939, anasema dada yake Mary alipofuka kwa homa hii. Mwaka 2013 watafiti walichapisha hoja katika jarida la Pediatrics kwamba yaelekea ulikuwa uambukizo wa virusi kwenye ubongo na utando wake. Kwa Wilder, jina la homa linabeba tu huzuni ambayo msomaji tayari anaijua. Kwa Alcott ugonjwa unafanya kazi, nao ndio unaoendesha matukio.

Lakini Alcott naye ana udhaifu wake, na ni wa kitabaka. Daktari anapofika kwa akina Hummel anamkemea mama kwa kuchelewa kumwita. Mama anajibu kwamba ni maskini. Jibu hilo lilistahili sura nzima, nalo limepewa mstari. Kichanga chao kinabaki kichanga tu, hata jina hakina. Kifo cha Beth kinapewa mashairi na mapambazuko, kifo cha maskini ni njia ya kupitishia vijidudu.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, homa hii ilipoteza makali yake, ingawa haikutoweka. Uingereza iliandikisha wagonjwa zaidi ya 19,000 mwaka 2016, na mwaka 2022 ikapanda tena. Chanjo bado hakuna. Huku kwetu jina lenyewe hatulitumii sana. Wekundu huo ulipewa jina na watu weupe, na kwenye ngozi nyeusi unaweza usionekane kabisa. Tunasema mtoto ana koo, asukutue maji ya chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyosema mimi. Nilikuwa likizo nyumbani, mdogo wangu wa kike akiwa na miaka tisa. Mama alikuwa safarini, na mtoto akalalamika koo siku tatu. Mimi nilikuwa naandika makala ya semina. Nikamwambia, "Sukutua maji ya chumvi, utapona." Akapona kweli. Baada ya wiki kadhaa magoti yakavimba, na daktari alipomsikiliza moyo alikaa kimya muda mrefu.

Yu hai. Kila wiki ya nne anachomwa sindano ya penisilini, na ataendelea hivyo miaka mingi. Mwaka jana nilimsimulia kisa cha Beth kwa Kiswahili, sura kwa sura. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Sasa mbona hawakumpa sindano?" Nikamwambia ilikuwa bado haijagunduliwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hao wana sababu."

Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Ila tangu siku hiyo siwezi tena kumwita Beth mhusika bapa.