Mota Isiyo na Kazi

Kinu cha kusaga mahindi hakisagi siku nzima. Gunia moja likiisha, mteja anayefuata bado anafungua kamba, mwingine anabishana bei, na mota ya kilowati 15 inaendelea kunguruma, nyundo zikipiga hewa tupu. Mwenye kinu haizimi, maana kuiwasha upya kila mara kunaitesa mota na swichi zake. Mita inahesabu. Hapo ndipo fundi wa stima mjini Garissa anapoonyesha kama anaijua kazi, au anajua kuunga nyaya tu.

Mota ya fezi tatu ina koili tatu, na ncha zake sita hukutana ndani ya kisanduku kimoja. Zikiungwa kwa pembetatu, kila koili hupata volti 415 kamili. Zikiungwa kwa nyota, hupata 240. Wengi huitumia nyota kwa sekunde chache za kuwasha ili mota isivute mkondo mkubwa kwa ghafla, kisha taima huihamishia kwenye pembetatu, na nyota husahauliwa hadi kesho. Fundi ninayemsifu huikumbuka tena kinu kinapokaa bure. Chuma kilicho ndani ya mota hubadilishwa sumaku huku na huko mara 50 kwa sekunde, kazi iwepo isiwepo, na mabadiliko hayo hula umeme na kuutoa kama joto. Kwa nyota, hasara hiyo hushuka hadi kama theluthi. Katika mji ambao mchana hupita nyuzi 35, nafuu hiyo si ya kudharau.

Ila nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi. Mimina mahindi nyota ingali imeshika, mota italegea, itavuta mkondo kupita kiasi, na mwisho wake ni kusukwa upya. Kwa hiyo fundi hupima kwanza. Huuzungushia waya klampu mita kinu kikiwa bure, kikiwa nusu, kikiwa kimejaa. Husoma kibati cha mota: kikisema volti 400 kwa pembetatu na 690 kwa nyota, kuna la kufanya, kikisema 230 na 400, mota hiyo kwa umeme wetu iko kwenye nyota tayari, naye hufunga kisanduku akaenda zake. Pampu ya kisima kirefu haigusi, kwa sababu muda wote inapowaka imebeba maji na haina saa ya kukaa bure. Kuikataa kazi mbele ya mteja aliyekwisha kuingiza mkono mfukoni, hapo namvulia kofia.

Wapo pia wajanja. Mtu huonyesha amp zikiporomoka kwenye klampu mita, akaapa kwamba bili nayo itaporomoka vivyo hivyo. Uongo. Sehemu kubwa ya mkondo wa mota isiyo na mzigo ni ya kujenga sumaku tu. Huenda na kurudi, na mita ya mfanyabiashara mdogo haiuhesabu. Kinachookolewa kweli ni wati chache, pengine mia kadhaa, na kwa zile saa za bure pekee. Kinu chenye foleni tangu asubuhi hakitaona kitu.

Mota hii ni ya zamani, na wazo la kuipunguzia volti si la jana. Mota ya fezi tatu ya aina hii aliiunda Mikhail Dolivo-Dobrowolsky wa kampuni ya AEG, Ujerumani, mwaka 1889. Mwaka 1977 Frank Nola wa NASA alipata hataza ya kifaa cha kielektroniki kinachopunguza volti mzigo unapokuwa mwepesi. Kwa kontakta tatu tu, yaani swichi zinazovutwa na sumaku, fundi wetu hulikaribia lengo hilohilo.

Na kontakta hizo ndizo zinazonifurahisha zaidi. Ya nyota na ya pembetatu zikishika pamoja, fezi hukutana ana kwa ana na fyuzi huruka. Basi fundi huupitisha waya wa kuamuru ya kwanza ndani ya ya pili, na wa ya pili ndani ya ya kwanza, ili hii isiweze kushika kabla ile haijaachia. Husikika tak, kisha kimya kifupi mota ikienda kwa kasi iliyokuwa nayo, kisha tak. Mwenye ustadi huongeza swichi ndogo kwenye mlango wa faneli: ukivutwa, pembetatu hurudi kabla punje haijazifikia nyundo. Kurudi kwenye nyota hucheleweshwa na taima, ili kontakta zisiliwe bure.

Garissa ina kituo cha sola cha megawati zipatazo 55, kilichozinduliwa Desemba 2019. Lakini kaskazini zaidi, Wajir na Mandera zimeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, ambayo mafuta yake hufika kwa lori. Kwa hiyo ningekuwa na kinu Wajir, ningemwita fundi huyu na kumuuliza kwanza kama mota yangu si kubwa mno kwa kazi iliyopo. Akishapima, huenda akaniambia niiache nyota, niiuze mota hii na kutafuta ndogo.