Ushauri Nasaha: Uhakiki wa Tafsiri ya "Counselling" katika Huduma za Afya

Neno la Kiingereza "counselling" lilienea katika Kiswahili cha umma hasa kupitia huduma za upimaji wa VVU, likafasiriwa ushauri nasaha. Makala hii inajenga hoja kwamba tafsiri hiyo, licha ya kuzoeleka, inakinzana na dhana inayoiwakilisha.

Tangu Carl Rogers achapishe Counseling and Psychotherapy mwaka 1942, mkondo mkubwa wa taaluma hiyo umeshikilia kwamba mtaalamu hamwamulii mteja. Humsikiliza, humsaidia kuipima hali yake, kisha humwachia uamuzi. Kumwambia mtu la kufanya ni kazi nyingine, ambayo Kiingereza huiita "advice".

Kiswahili hakikuuhifadhi mpaka huo. Ushauri na nasaha, maneno yenye asili ya Kiarabu, yote hudokeza maoni anayopewa mtu ili ayafuate. Nasaha huongeza uzito wa maonyo. Istilahi basi inatamka mara mbili jambo ambalo taaluma inajitenga nalo. Aidha, ushauri umekwisha kulemewa: kuna mshauri wa rais, mshauri wa kilimo na mshauri mwelekezi wa miradi.

Athari zake haziishii kwenye msamiati. Mteja aliyeitwa kupewa ushauri nasaha hutarajia kuelekezwa. Mhudumu naye hujiona ameruhusiwa kuhubiri. Suala la kupima, au la kumjulisha mwenza, hugeuka amri iliyotamkwa kwa upole. Ridhaa, ambayo ni msingi wa upimaji wa hiari, hudhoofika.

Tanzania imekuwa ikitumia pia unasihi na mnasihi, hasa shuleni. Inaweza kupingwa kwamba unasihi una mzizi uleule wa nasaha. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini neno lisilozoeleka sana ni rahisi kulipa fasili mahususi kuliko neno lililokwisha kubeba maana nyingi. Fasili yenyewe itaje wazi kwamba uamuzi ni wa mteja.

Kenya ilitunga sheria ya kusimamia taaluma hii mwaka 2014, na fasili zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Miongozo ya afya ikiandikwa kwa Kiswahili kabla istilahi haijasawazishwa, utata huu utavuka mipaka pamoja nayo. Inapendekezwa kwamba ushauri ubaki kwa maelekezo, unasihi utengewe huduma hii, na mafunzo ya wahudumu yaanze kwa kuutofautisha mmoja na mwingine.