"Tafadhali" Vitabuni na Upareni

Mwanafunzi ashukaye kutoka Chome, Vudee au Mamba Miamba kwenda kusoma Same mjini hupata mapema sifa asiyoitafuta, nayo ni kwamba hana maneno ya adabu. Nyumbani kwao husema, "Mama, nipe maji," hupewa, huyapokea kwa mikono miwili, hunywa, kisha hukiosha kikombe na kukirudisha mahali pake. Shuleni huambiwa ya kuwa ombi huanza kwa "tafadhali" na kwisha kwa "asante". Huyashika maneno hayo, walakini huyatumia kama viatu vya sikukuu: darasani huvaa, akifika kwao huvua, asije akachekwa na wadogo zake. Haya hiyo imezoeleka kuitwa ushamba. Yafaa ichunguzwe upya, kwa sababu hukumu hiyo haikubaki shuleni. Imeingia pia katika uandishi wa hadithi za Kiswahili na kuyaharibu mazungumzo yake.

Maneno yenyewe na yatoe ushahidi kwanza. "Tafadhali", "samahani" na "asante" yote yana asili ya Kiarabu, nayo ni maneno halali ya Kiswahili. Asili si kosa. Linalofaa kuangaliwa ni maana. "Tafadhali" ni ndugu wa "fadhili" na "fadhila". Alisemaye humwomba mwenziwe hisani, yaani jambo ambalo mwenziwe angeweza kumnyima asilaumiwe. "Asante" nayo, kwa asili yake, ni sifa apewayo mtu aliyetenda vyema. Sasa mtoto amwambiapo mama yake, "Tafadhali, naomba maji," ni kana kwamba maji ya kwao yamegeuka kuwa hisani. Mama husikia umbali uliomo ndani ya neno kabla ya kuusikia upole wake. Kwa hiyo mtoto aonaye neno hilo zito mdomoni hakukosa adabu. Ameusikia vizuri mpaka uliopo baina ya haki na fadhila. "Pole", kinyume chake, halimwii mtu zito, Upareni wala pwani. Huambiwa mwenye mzigo, mwenye homa, hata aliyejikwaa njiani, kwa kuwa halimwombi mtu kitu wala halimwachii deni.

Wala Kiswahili si maskini wa njia nyingine. Katika soko la Same mnunuzi husema, "Mama, unipimie tangawizi hii." Neno "mama" limekwisha kumfanya muuzaji kuwa mzazi, "unipimie", kwa ile "e" yake ya mwisho, imegeuza amri kuwa matakwa, na salamu zilizotangulia, za nyumbani, za watoto, za mvua huko milimani, zimelipa heshima yote iliyokuwa ikidaiwa. Adabu imo katika jina la ujamaa, katika umbo la kitenzi, na katika muda uliotumiwa. "Tafadhali" ikiongezwa hapo yaweza hata kupindua mambo, maana katika vinywa vya wengi ni neno la kukanya: "Tafadhali, usinisukume!" "Tafadhali bwana, tusivunjiane heshima!" Mtu asikiaye kutoka nje ya dirisha, asiyeziona nyuso, angedhani pana ugomvi, naye asingekosea.

Hapo ndipo baadhi ya waandishi wanapoteleza. Muhammed Said Abdulla katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960) aliwapa watu wake ulimi wa Unguja, na taadhima za huko zawakaa vizuri kwa sababu ni zao. Wako waliokuja nyuma wakaichukua taadhima ya pwani wakamvika kila mtu: mkulima wa bara, mchunga mbuzi, mama aliye jikoni na wanawe. Matokeo yake ni mazungumzo yaliyopigwa pasi, ambamo mume humwambia mkewe "tafadhali nipatie chumvi" kana kwamba wamekutana jana garini. Vitabu vya kiada vina udhuru kidogo, kwa kuwa kazi yao ni kufundisha msamiati. Riwaya haina udhuru huo. Mwandishi aiwekaye adabu yote ya wahusika wake katika maneno matatu hujinyima chombo cha kuonyesha ni nani aliye na nguvu juu ya nani.

Adam Shafi hakujinyima. Katika "Kasri ya Mwinyi Fuad" (1978) unyenyekevu wa Kijakazi mbele ya bwana wake ndio kipimo cha utumwa wake. Yeye hunyenyekea, na Fuad humtukana. Msomaji haoni adabu hapo, huona mnyororo. "Shikamoo" nayo, ambayo hufasiriwa kuwa "nashika miguu", katika karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa au mnyonge kwa mkubwa wake. Leo imetakata, ni heshima ya umri, na Upareni hutolewa kwa moyo mweupe. Lakini haikutakata yenyewe. Ni watu walioitoa kwa mabwana wakawapa wazee.

Same ina mfano wa haki na fadhila ulio mkubwa kuliko wa riwaya. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika katika mji huo, palipokuwa na ofisi ya Bwana Shauri, wakakaa kwa miezi wakiikataa mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu. Isaria Kimambo ameyaandika mambo hayo kwa urefu. Hawakushika silaha, wala hawakuja kuomba hisani. Heshima yao ilikuwa katika utulivu wa kukaa kwao, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Atakayeandika tamthilia ya siku zile kisha akawajaza wazee wale "tafadhali" mdomoni atakuwa ameiandika habari nyingine.

Haifuati kwamba maneno haya yatupwe. Same ni mji wa barabara kuu. Msafiri ashukaye basi la Dar es Salaam hamjui mtu, naye aulizapo gari la Gonja "samahani" yake ni ya haki kabisa, kwa kuwa hana undugu wa kutanguliza. Mbele ya dirisha la ofisi ni vivyo hivyo. Wanaomcheka kijana kwa kusema hivyo, wakidai anajifanya mtu wa mjini, nao wanakosea. Baya ni kumkata mwanafunzi alama kwa neno bila ya kumwuliza alikuwa akisema na nani.

Tena pana mahali ambapo maneno hayo hayana nafasi hata kidogo. Mpare na Mchaga ni watani. Katika stendi ya Same Mchaga atamwambia Mpare hadharani kwamba yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na Mpare atamrudishia kwa habari ya mapenzi ya Mchaga na fedha, wala hapana aombaye radhi. Akitokea mmoja wao akasema, "Samahani, tafadhali naomba unipishe," mwenziwe atamwuliza kama yu mgonjwa.