Kutalii ni Kusoma: Siku Moja Mjini Bruxelles

Kitenzi kutalii kimepungukiwa na uzito katika Kiswahili cha siku hizi. Wengi hukielewa kuwa ni kuzunguka kwa starehe, kupiga picha na kununua vitu vya ukumbusho. Lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kupitia kitabu kwa makini, na nduguye, mutalaa, bado huhifadhi maana hiyo. Kwa haki ya neno lenyewe, mtalii ni msomaji. Maana hiyo ndiyo imfaayo Mkongomani apataye siku moja ya kuuzunguka mji wa Bruxelles, kwani baadhi ya kurasa za mji huo ziliandikwa kwa mali ya kwao.

Tangu Carl Velten alipochapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, habari za safari za Ulaya katika lugha yetu zimeelekea mno kuhesabu maajabu. Kuhesabu si kosa, ila hakutoshi.

Asubuhi haina mashaka mengi. Uwanja wa Grand-Place hustahili sifa zake: majeshi ya Louis XIV yaliupiga kwa mizinga mwaka 1695, na wenyeji wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Kijana wa Manneken-Pis, kazi ya Jérôme Duquesnoy ya mwaka 1619, ni mdogo kuliko umaarufu wake, na anayesimama barabarani ni nakala. Wa asili amewekwa katika jumba la makumbusho la mji. Mgeni hucheka, hupiga picha, huenda zake.

Kusoma hasa huanza karibu na jumba la mfalme, penye sanamu ya Léopold II juu ya farasi, kazi ya Thomas Vinçotte iliyosimamishwa mwaka 1926. Wapitao huitazama sura ya mfalme, na ni wachache wainamao kusoma kibao. Kibao chasema kwamba shaba na bati za sanamu zilitoka Kongo, nazo zilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Mkaaji wa Lubumbashi hana budi kusimama hapo kwa muda mrefu. Mkoa wake wenyewe uliitwa Shaba hadi mwaka 1997. Je, bure hiyo ni ya nani? Kampuni ilitoa, wachimbaji, walioletwa kutoka sehemu mbalimbali na kuelewana kwa Kiswahili kambini, hawakutajwa. Katika maandishi hayo madini yana nchi na yana mfadhili, lakini hayana mikono iliyoyatoa ardhini. Waliomwagia sanamu hiyo rangi mwezi wa Juni 2020 walimjibu mfalme. Kibao bado kinangoja wa kukijibu.

Katika bustani ya Cinquantenaire, nyuma ya tao kubwa lililokamilika mwaka 1905, limo andiko linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko yote. Ni mnara wa Wabelgiji waliotangulia Kongo, wa mwaka 1921, kazi ya Vinçotte huyo huyo. Andiko lake husifu ushujaa wa kijeshi uliomwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Baadaye, kutokana na malalamiko, neno la Kifaransa la Mwarabu lilikwanguliwa. Mabishano yote yakawa juu ya neno hilo moja, ilhali sentensi nzima ndiyo yenye ila. Vita vya 1892 hadi 1894 vilipiganwa na askari wengi Waafrika, na Ngongo Lutete, aliyekuwa upande wa Waungwana, aligeuka na kusaidia dola. Tena dola hiyo ya Léopold ndiyo iliyomfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, kwa mshahara. Yeye mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Si kwamba msimulizi huyo hana hatia. Biashara ya watumwa aliifanya. Lakini matini hizo mbili zapaswa kusomwa pamoja, jiwe kwa kitabu. Mtu asomaye jiwe peke yake hatajua hata kwa nini Kasongo na Nyangwe wanasema Kiswahili leo.

Jioni, tramu namba 44 humfikisha mtalii Tervuren. Mwaka 1897 Wakongomani 267 waliletwa huko kuonyeshwa kwa watu. Saba walifariki, nao wamezikwa kando ya kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Ndani ya jumba la makumbusho, lililofunguliwa upya Desemba 2018, ukuta mmoja una majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo kabla ya dola kuwa koloni mwaka 1908. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, hakuufuta ukuta huo. Aliyaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yaliyoukabili, na jua likiwaka vivuli vyao huangukia juu ya majina yale mengine. Siku za mawingu, ambazo ni nyingi katika nchi ile, ukuta hubaki na majina 1508.