Msosi wa Mgeni, Kalamu ya Mgeni

Vijana wenzangu wa kalamu, siku hizi mtu akienda Afrika Kusini hata kwa wiki moja, akirudi lazima atuandikie makala. Na makala yenyewe unaijua kabla hujaisoma. Kashuka Johannesburg, kapelekwa Soweto, kala nyama mtaa wa Vilakazi. Kaenda Cape Town, kapiga picha nyumba za rangirangi za Bo-Kaap. Kamalizia Durban na mkate uliojazwa mchuzi. Kila kitu "kitamu ajabu", watu wote "wakarimu sana", na mwisho tunaambiwa eti nchi ni ya upinde wa mvua na sahani yake nayo ni ya upinde wa mvua. Basi, hadithi imekwisha.

Mimi nasema makala za namna hii zina njaa. Fani yake ni orodha ya sahani, na maudhui yake ni tumbo la mwandishi. Sikatazi mtu kula. Nimezunguka huko, nimekula na kushiba, na msosi wao unapanda kweli. Ugomvi wangu ni na neno "tamu". Linatupa habari za ulimi wa mgeni, mwenyeji halimgusi. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi sheria ndiyo iliyoamua nani akae wapi, anywe nini na ale mlango gani, kumwacha mwenyeji nje ya sahani ni kuandika nusu ya habari.

Chukua bunny chow ya Durban. Inakatwa robo au nusu ya mkate mweupe, inachimbwa katikati, shimo linajazwa mchuzi wa kondoo, kuku au maharage, na ule utumbo wa mkate unawekwa juu kama kifuniko. Pembeni kuna kachumbari ya karoti, vitunguu na pilipili. Kijiko hakuna, unamega, unachovya. Ni chakula cha Wahindi wa Durban, ambao wazee wao walianza kushushwa Natal mwaka 1860 kwa mikataba ya kazi, kwenda kulima miwa. Asili ya mkate huu ina masimulizi yanayogombana. Wengine husema vibarua walitaka chombo cha kubebea mchuzi shambani. Wengine husema ni Waafrika, waliokatazwa kuketi mikahawani, ndio waliouziwa chakula mlango wa nyuma, mkate ukawa ndio sahani. Lakini angalia: masimulizi yote mawili yanamhusu mtu asiye na meza. Mwandishi anayetuambia tu kwamba alilamba vidole, hadithi imempita akiwa ameishika mkononi.

Na Durban hiyohiyo ina jambo linalotugusa sisi Waswahili. Ipo jamii inayoitwa Wazanzibari. Wazee wao, wengi wao Wamakua wa Msumbiji, waliokolewa na Waingereza kutoka kwenye biashara ya utumwa, wakaletwa Durban kutoka Unguja kuanzia mwaka 1873. Walikaa Bluff, karibu na bahari, mpaka sheria ya makaburu ya kugawa maeneo kwa rangi ikawahamishia Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi. Msafiri wa kwetu anayejaza kurasa tatu kwa pilipili za Durban bila kuwataja hawa, hebu atuambie alikwenda kutafuta nini.

Sasa tazama wenyeji wenyewe walivyoandika. Es'kia Mphahlele, katika Down Second Avenue (1959), anasimulia utoto wake Marabastad, Pretoria. Humo pombe ni riziki ya nyumba, si utamaduni wa kuonjeshwa mtalii. Wanawake wanapika, madebe yanafukiwa uani, polisi wakija wanamwaga. Mwaka huohuo wa 1959, wanawake wa Cato Manor, Durban, walivamia vilabu vya pombe vya manispaa, kwa sababu manispaa ilijipa biashara hiyo na kuwakataza wao kupika. Leo mgeni anapewa umqombothi, anapigwa picha akiwa na povu mdomoni, na kuandika chini yake: "kinywaji cha asili". Asili ya nani, na ilipona vipi?

Halafu yuko Can Themba, mmoja wa vijana wa jarida la Drum, lile lililokuwa na toleo la Afrika Mashariki pia. Hadithi yake fupi The Suit (1963), ukiisoma kwa jicho la msosi, inatisha. Philemon wa Sophiatown anaanza kama mume wa kuigwa: anamwandalia mkewe chai ya asubuhi na kumpelekea kitandani. Siku anapomfumania, hawara anatoroka na kuacha suti. Philemon hampigi mtu. Anaamuru suti iwe mgeni wa heshima, na mkewe aihudumie chakula. Chakula kilekile kilichokuwa mapenzi kinageuka kiboko, mpaka mwanamke anakufa. Themba hajishughulishi na kutuambia kama chakula kilinoga. Anatuonyesha nani kampakulia nani, na kwa nini. Huo ndio ufundi tunaoutafuta.

Tuje kwenye nyama. Tarehe 24 Septemba ni Siku ya Urithi. Huko KwaZulu zamani ilikuwa siku ya kumkumbuka Shaka. Tangu mwaka 2005 ipo kampeni ya kuifanya siku ya kuchoma nyama, yaani braai, na Askofu Desmond Tutu aliiunga mkono. Hoja yao ni kwamba rangi zote huchoma nyama. Kweli. Mitaani wanaita shisa nyama, na Mswahili hahitaji mkalimani: inyama ni nyama, amanzi ni maji, umuntu ni mtu. Pap ni ugali, na umngqusho utadhani ni makande ya Upareni. Lakini wako wanaouliza: urithi ukishakuwa mkaa na soseji, Shaka anakaa wapi, na waliobomolewa nyumba zao je? Mimi naona Tutu, baada ya yote aliyopitia, alikuwa na haki ya kuota ndoto hiyo. Mgeni wa wiki moja hana haki ya kuiandika kana kwamba imeshatimia.

Maana ugeni nao una matabaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msafiri wetu huondoka kabla ya jembe. Lakini wako waliobaki: Msomali mwenye duka, Mkongo, Mmalawi, Mtanzania kinyozi. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi yaliyolenga wageni, na vurugu za namna hiyo zikarudi 2015 na 2019. "Wakarimu sana" ni kweli kwa mwenye tiketi ya kurudi. Aliyekuuzia soda ya kushushia nyama ana maelezo yake, ungemuuliza.

Kwa hiyo wewe mwandishi chipukizi unayefunga begi, kabla ya kuandika "tamu", jibu kwanza: nani kapika, kafundishwa na nani, walihamishwa kutoka wapi, na nani alikatazwa kuketi. Ukimaliza hayo na nafasi ikabaki, tuambie na pilipili ilikuwaje. Tutasoma.