Kufuli ya bibliotheki inalinda nani?

Bandugu, mu mashule mingi ya Bukavu, kulinda vitabu ni kitu kimoja tu: kufuli. Vitabu viko ndani ya kabati, kabati iko mu biro ya prefe, na ufunguo uko mu mfuko yake. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni ile ile: wanafunzi wataiba.

Wengine wanasema tufanye kama Ulaya na Marekani. Kule, wanaficha ukanda mwembamba wa sumaku mu mgongo wa kitabu, na ku mlango wanasimamisha nguzo mbili. Ukitoka bila kitabu kuandikishwa, kengele inalia. Kampuni 3M ilijulikana sana kwa mfumo huo. Unafanya kazi, sikatai.

Lakini SNEL ikikata umeme, zile nguzo zinabaki pambo tu. Tena ukanda unalinda mgongo, haulindi kurasa. Mwanafunzi akipasua kurasa kumi za chimie, anapita kimya. Na mara nyingi anapasua kwa sababu hawakumuruhusu kuazima kitabu, wala kukipeleka ku fotokopi.

Kule Hereford, Uingereza, kuna bibliotheki ya kanisa yenye vitabu vilivyofungwa na minyororo toka zamani. Lakini ule mnyororo ni murefu wa kutosha: kitabu kinafika ku meza, mtu anasoma. Waliogopa wezi, lakini hawakumusahau msomaji. Kufuli yetu haifikishi kitabu ku meza hata kidogo.

Sisi wa agronomia tunajua mbegu. Ukiiweka mu gala muda murefu, kwa unyevu kama huu wetu, inapoteza nguvu ya kuota, hata kama hakuna mwizi aliyeigusa. Kitabu nacho, mu kabati, kinaliwa na mchwa na ukungu.

Najua vitabu ni bei, na vingine vinapotea kweli. Basi tuanze na vitu tunavyoweza: muhuri wa shule ku ukurasa wa kwanza na ku ukurasa mwingine wa siri, kaye ya kuandika nani ameazima, saa zinazojulikana za kufungua, na kuhesabu vyote kila mwisho wa trimestre. Kitabu kikipotea kiisha kusomwa na watoto makumi ine, kimefanya kazi kuliko kile chenye kubaki kipya mu kabati.

Mu shule yenu ya zamani, ufunguo ulikuwa kwa nani? Na alikuwa anafungua siku gani?